Nywele Nilizokataa Kunyoa

Mama alinisuka Jumapili, Alhamisi akafa. Walikuwa wanateremka kutoka mlimani, Kapsokwony, yeye na kaka yangu, kwa pikipiki ya kaka, na gunia la viazi limefungwa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Pikipiki iliteleza kwenye kona, na lori lilikuwa linapanda. Hayo ndiyo niliyoambiwa, na mpaka leo sijauliza zaidi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, katika shule ya kutwa mjini Kitale. Baba alitangulia nikiwa bado natambaa, kwa hiyo nyumba yetu ya kupanga pale mtaa wa Tuwan ilikuwa ya watu watatu tu. Mama aliuza viazi na vitunguu sokoni. Kaka alibeba abiria, na siku za kwenda mlimani kutafuta mali ya kuuza alimbeba mama. Watu wawili wakatoka asubuhi moja, nami nikabaki na sufuria za watu watatu.

Jumapili hiyo ilikuwa katikati ya likizo ya Aprili. Shuleni kwetu msichana aliruhusiwa kusuka laini za kawaida, bila uzi, zikielekea nyuma, na zirudiwe kila baada ya wiki mbili. Asiyeweza hayo, anyoe. Lakini likizo ni likizo. Mama alinunua uzi mweusi wa sufu, akaniketisha sakafuni katikati ya magoti yake, akaanza kunisuka laini za kupanda juu, kutoka shingoni hadi utosini. Mama hakuwa na mkono mwepesi. Alivuta mpaka nyusi zikapanda, na ukitingisha kichwa ulipigwa kitana. Alipomaliza laini ya kumi, kaka aliingia akiulizia chakula. Mama akamwambia angoje. Kaka akasema basi heri asaidie ili kazi iishe, akachuchumaa nyuma yangu na vidole vyake vilivyozoea nati na spana, akasuka laini ya kumi na moja nyuma ya sikio la kulia. Ilipinda kama njia ya ng'ombe. Tulicheka sana. Mama alikagua, akasema tuiache hivyo hivyo, iwe adhabu yangu kwa kutotulia.

Tuliwazika siku moja, nyumbani kwa baba, mwendo wa nusu saa kutoka mjini Bungoma. Kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa boma hunyolewa. Viti vilipangwa uani, beseni la maji na sabuni likawekwa katikati, na kila mtu akaja na wembe wake mpya, maana siku hizi watu wanaogopa magonjwa. Kukhu ndiye aliyeanza. Kukhu ni nyanya yangu, mama wa baba. Alikuwa amemzika mwanawe miaka mingi nyuma, na sasa alikuwa amemzika mke wa mwanawe pamoja na mjukuu. Alikaa wima kitini, akanyolewa mpaka kichwa kikang'aa. Wakafuata baba zangu wadogo na wake zao, kisha binamu mmoja mmoja. Waliokuwa na kazi za ofisini mjini walikatwa kidogo tu kando ya sikio, iwe ishara.

Zamu yangu ilipofika nilikataa. Sikulia wala sikupiga kelele, nilikataa tu, nikashika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa mvua ya mawe.

"Basi kidogo tu, mama," akasema baba mdogo, yule aliyekuwa akisimamia shughuli. "Hapa kwa sikio. Si ni ishara tu?"

Akanyoosha mkono, na katika sehemu zote za kichwa changu akashika pale pale, nyuma ya sikio la kulia. Nilimuuma. Sikumuuma kidogo, nilimuuma hasa, mpaka akaruka nyuma na kukanyaga beseni. Sijivunii jambo hilo, lakini nikisema ninajuta nitakuwa naongeza uongo, na uongo wa mwaka ule unatosha. Wanawake walianza kunong'ona. Mmoja alisema nitaota ndoto mbaya. Mwingine alisema watoto wa Kitale wameharibika. Kukhu akainua kichwa chake kipya.

"Mwache," akasema. "Hiyo nywere si yako, ni yake. Itatoka siku yake."

Hakuna aliyebishana naye. Hivyo nikarudi Kitale na laini zangu kumi na moja.

Nilihamia kwa senge, dada mdogo wa baba, ambaye alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe hapo hapo Tuwan. Senge alinipokea kwa mikono miwili. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi. Lakini alikuwa na imani moja, kwamba mtu aliyefiwa hupona asipokumbushwa. Picha za mama alizifungia kwenye sanduku. Viatu vya kaka vilitoweka, sijui alimpa nani. Mtu akija kibandani na kuanza "pole kwa yule mama yako," senge alikohoa kwa nguvu mpaka mtu akasahau alichotaka kusema. Hata viazi aliacha kupika. Tulikula mchele, tukala ugali, tukala ndizi, na gunia zima la viazi lilikuwa likiuzwa hatua kumi kutoka mlangoni. Alinipenda, na alikosea, yote mawili kwa pamoja.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: zile laini zikae. Nguo za mama zilikuwa zimegawanywa kule Bungoma, kama ilivyo desturi. Pikipiki ilibebwa kama chuma chakavu. Nyumba yetu ilipata wapangaji wengine, watu wenye televisheni kubwa. Lakini laini zilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yao, na zilikuwa kichwani mwangu, mahali ambapo hakuna mtu angekuja kugawa. Usiku nililala nimefunga kitambaa. Kuosha sikuthubutu. Wakati mwingine nilikaa tu nikipapasa laini moja baada ya nyingine kutoka shingoni kwenda juu, na nikifika ile iliyopinda nilianza upya.

Shule ikafunguliwa.

Siku ya kwanza nilisimama ng'ambo ya barabara nikitazama lango. Muhula huo tulikuwa tumeletewa naibu mpya wa mwalimu mkuu, mama mrefu wa sauti ndogo, na wasichana walikuwa tayari wamempa jina la Madam Depyuti kana kwamba wa zamani hakuwahi kuwapo. Alisimama langoni na makasi mkononi. Alikagua vichwa kama karani wa ghala anavyokagua mahindi, anaingiza mkono, anatazama, huyu apite, huyu kando. Waliowekwa kando walikuwa na laini safi kuliko zangu. Zangu zilikuwa na wiki tatu na zilikuwa na uzi.

Kisha nikaona wasichana wanne wa Kiislamu wakipita na vitambaa vyao vyeupe. Madam Depyuti aliwasalimu, wakaitikia, wakaingia. Makasi hayakutikisika.

Najua unachofikiria, na ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi nyuma, nikaenda kwenye mitumba, nikatafuta kitambaa cheupe, na Jumanne nikapita langoni nimejifunika kichwa, nimeangalia chini kwa adabu ambayo sikuwa nayo. Mwalimu wa darasa alijua nimefiwa. Nadhani alifikiri ni mambo ya matanga, hakuuliza. Wenzangu waliuliza.

"Niaje, umesilimu?" 

"Mambo ya familia," nikajibu, na kwa kuwa kila mtu alikuwa ananiogopa tangu msiba, walikubali.

Aliyekataa kukubali ni msichana aliyekaa dawati la mbele yangu. Kwao walikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti. Alinifuata hadi kwenye bomba la maji.

"Umesilimu lini?"

"Juzi."

"Juzi gani? Na pini umedunga kama sista wa misheni." Alikuwa amekasirika kweli. "Hii si kofia ya mvua, bana. Kuna wasichana wamefukuzwa shule zingine juu ya hii. Halafu wewe unaivaa tu kama sweta."

Alikuwa na haki, nami nilijua ana haki, na hakuna kinachomfanya mtu awe na ujeuri kama kujua hivyo. Nilimwambia anunue shule ndipo awe na usemi. Hatukuongea siku mbili. Siku ya tatu alinikuta nyuma ya vyoo nimevua kitambaa, najikuna kwa kalamu ya wino huku machozi yakinitoka kwa mwasho. Alizitazama nywele zangu, nyuzi zimechomoka, ukungu wa nywele umejaa katikati ya laini. Hakucheka.

"Ni nini hii?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufupi, kwa hasira, kama mtu anayekabidhi kitu alichoiba. Jumapili, mama, laini kumi, kaka, laini moja, Alhamisi. Alichomoa pini moja kwenye kitambaa chake, akanifunga upya jinsi inavyotakiwa, akanirudisha nyuma kidogo ili anitazame.

"Ukituharibia jina nitakuripoti mimi mwenyewe," akasema. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Sikuwa nimefikiria Ijumaa. Wasichana wa Kiislamu waliruhusiwa kutoka saa sita kwenda kuswali na kurudi kabla ya kipindi cha kwanza cha alasiri. Ijumaa ya kwanza nilibaki darasani, mwalimu wa zamu akapita dirishani. "Na wewe? Unachelewa." Nikasimama, nikawafuata. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na kenge siku hiyo nilikuwa mimi. Tulipofika karibu na msikiti rafiki yangu alinishika mkono, akanivusha barabara hadi mlango wa nyuma wa duka lao.

"Mama, huyu atangoja hapa," akasema, akaondoka.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka anachagua mchele kwenye ungo. Alinitazama toka juu hadi chini, akanisogezea ungo wa pili. Hakuniuliza dini yangu wala ukoo wangu. Tulichagua mchele kimya, mawe huku, chuya kule. Alipoona mikono yangu imetulia akauliza, macho yakiwa kwenye mchele, "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anajua kupika nini?"

Zilikuwa zimepita wiki tatu, na hilo lilikuwa swali la kwanza kuhusu mama kutoka kwa mtu yeyote. Watu walisema pole. Watu walisema jikaze. Hakuna aliyeuliza alikuwa mtu gani.

"Hakujua kupika kitu chochote," nikasema.

Mama yule aliinua macho.

"Kweli. Alikuwa anaunguza hata chai. Tukitaka kula vizuri, kaka ndiye alikuwa anapika."

Alicheka kwa sauti, akafunika mdomo kwa ncha ya buibui, na mimi nikacheka pia, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kilikuwa kirefu. Hakunikumbatia, hakuniambia ninyamaze. Alichukua ungo wangu kidogo ili nisilowanishe mchele. Nilipomaliza alinirudishia.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mchele, au dengu, au vitunguu vya kumenya, na kila mara swali. Kaka yako alikuwa anaogopa nini? Mama yako alikuwa akikasirika anafanyaje? Nilijikuta katikati ya juma nikiweka akiba ya habari za kumpelekea. Nilikumbuka mambo ambayo sikujua ninayo, kama mama alivyokuwa akibishana na mizani, na kaka alivyokuwa akiwapigia honi kuku wa jirani kwa heshima kama wazee. Yeye naye alinisimulia habari za mama yake, ambaye alimfia yeye akiwa msichana wa umri wangu.

"Huyo tunamtaja kila siku," akasema. "Kumwombea na kumcheka. Utafikiri ametoka kidogo kwenda dukani."

Ijumaa ya tatu alivuta pumzi puani, akaniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, hicho kichwa kinanuka." Nilitaka ardhi ipasuke. Alileta maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, na kipande cha pamba, akanifuta katikati ya laini, mfereji baada ya mfereji, bila kugusa hata uzi mmoja. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna siku kichwa changu kilipata raha kama siku hiyo.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Mimi, tangu kusukwa, nilipewa kama sitini, sijui kwa upendeleo gani.

Ilikuwa Juni, Idi ikikaribia. Madam Depyuti alitaka shule nzima ijue kwamba yeye ni mtu wa dini zote, na kwenye paredi ya Jumatano akatangaza kwamba mwanafunzi mmoja Mwislamu atatueleza maana ya sikukuu na kutufungia kwa dua. Akatazama mistari. Mimi ni mfupi, husimama mbele.

"Wewe," akasema. "Njoo."

Nyuma yangu nilisikia rafiki yangu akivuta pumzi. Nilipanda ngazi tatu za jukwaa. Shule nzima ilikuwa pale, vichwa mia kadhaa, vyote vimekaguliwa. Ningeweza kubuni. Nilikuwa nimesikia "bismillahi" ya kutosha pale kwenye mkeka kuanzisha jambo, na wengi wa waliosimama pale wasingejua tofauti. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaona ile pamba na yale maji ya siki, na yule mama akinifuta kichwa. Nywele zangu nilizificha chini ya kitambaa cha dini yake, hilo nilikuwa nimelifanya. Lakini kusimama na kuigiza dua yake mbele ya watu, hapana, hapo nilishindwa.

"Mimi si Mwislamu, madam," nikasema. "Mimi ni Mkristo, kwetu ni Bungoma. Nilikuwa naficha nywele."

Shule ilicheka. Kicheko cha paredi ni kama mvua kwenye bati, hakina mlango wa kutokea. Nilingoja.

"Mama yangu ndiye alinisuka. Na kaka. Wamekufa."

Neno hilo nilikuwa sijalitamka. Nilikuwa nimesema "ule msiba", nimesema "mambo ya familia", nimesema "hawako". Lilitoka siku hiyo kwenye kipaza sauti, nikalisikia likirudi kutoka ukuta wa maabara. Kicheko kilikatika.

Ofisini, Madam Depyuti aliweka makasi juu ya meza, akaniambia nivue. Nilivua. Alizunguka nyuma yangu, akakaa huko muda mrefu.

"Hii iliyopinda ni ya nani?"

"Ya kaka."

Nilisikia sauti puani mwake, sikujua ni kicheko au ni nini. Aliporudi mbele macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ndogo.

"Umenidanganya mimi, hilo ni dogo. Umewadanganya wenye dini yao. Utawaomba msamaha wale wasichana, mmoja mmoja."

"Ndiyo, madam."

"Na hizi haziwezi kukaa. Ngozi itaoza. Unaelewa?"

Aliyatazama makasi, akafungua droo, akayarudisha ndani.

"Sikati mimi. Nenda kwenu. Jumatatu uje umekatwa na mtu ambaye umemchagua."

Niliomba msamaha. Watatu walinikubalia, rafiki yangu akiwa wa kwanza kwa kunifinya. Wa nne hakukubali, na mpaka leo tukikutana mjini hunisalimu kwa mbali. Ni haki yake. Jioni nilipofika Tuwan, senge alikuwa amekwisha kupata habari, maana Tuwan habari hukutangulia nyumbani. Hakuuliza kitu. Juu ya meza kulikuwa na sufuria ya viazi.

"Mama yako alikuwa anavichemsha mpaka vinakuwa uji," akasema hatimaye, bila kukohoa.

"Na bado katikati ni vibichi," nikasema.

Tulikula huku tunalia na kucheka hovyo kama walevi, na baadaye akafungua lile sanduku la picha.

Jumamosi nilikwenda Bungoma peke yangu. Tangu mazishi nilikuwa sijarudi. Nilikuwa nimetafuta visingizio, mtihani, homa, kufua, na senge alivipokea vyote. Nilikuta makaburi mawili yameanza kuota nyasi, na Kukhu ameketi mbele ya nyumba anapura maharagwe. Nywele zake zilikuwa zimerudi, nyeupe, fupi, zimejipanga vizuri kichwani. Alinisalimu, akanipa uji, akaniuliza habari za senge na za mvua ya Kitale. Kuhusu kichwa changu, kimya. Nilijua hatasema mpaka niseme.

Nikavua kitambaa.

"Kukhu, naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini?"

"Zikitoka nitabaki bila kitu chao."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na makasi yake ya kukatia vitambaa na kioo kidogo kilichovunjika pembe. Aliketi kwenye kigoda, nami nikakaa chini mbele yake. Aliinua laini ya kwanza, ile ya katikati, na mkono ukasimama. Aliinua ya pili. Akaanza kuzungumza mwenyewe kwa Kibukusu, kwa sauti ya mtu aliyekuta yai mahali asipotarajia.

"Shika hii kioo," akaniambia. "Angaria hapa."

Niliangalia. Aliweka kidole kwenye laini, pale ambapo uzi ulianzia. "Mama yako anaanza hapa." Akateremsha kidole hadi kwenye ngozi. "Hapa chini je? Hii ni nani?"

Kati ya ngozi na uzi palikuwa na nywele tupu. Hazikusukwa, hazikuwa na uzi, nyeusi kabisa. Alizivuta zikanyooka, akapima kwa kulaza vidole vyake kichwani mwangu. Vilikuwa vidole viwili.

"Hii mama yako hajashika," Kukhu akasema. "Hajaiona hata. Hii imeota tangu siku ile tuliwazika. Tungekunyoa wembe, hungeona mama yako anaishia wapi na wewe unaanza wapi."

Nilikuwa nimezipapasa laini zile kila siku, asubuhi na jioni, na sikuwahi kugundua kwamba zilikuwa zinasogea mbali na ngozi. Nilidhani nimezishikilia. Nilidhani tangu siku ile mimi nimesimama mahali pamoja na wao, kumbe kichwa changu kiliendelea na kazi yake bila kuniomba ruhusa.

"Nikate?" akauliza.

"Kata."

Hakukata kwenye ngozi. Alikata pale pale mama alipoanzia, laini baada ya laini, na kila moja aliiweka kwenye kanga iliyotandazwa mapajani mwake. Nililia, tena sana, na safari hii sikuona haja ya kuficha. Zilipokwisha alizifunga ndani ya ile kanga, akaenda kuzifukia mahali ambapo hakuniambia, maana nywele za mtu hazitupwi ovyo. Nami sikuuliza.

Alipokuwa huko nyuma ya nyumba nilipitisha kiganja kichwani. Nilitegemea kukuta upara, au angalau baridi. Nilikuta nywele. Zilikuwa fupi, zimejaa, za kwangu, urefu wa vidole viwili. Huo ndio urefu wa siku nilizokuwa nimeishi bila wao. Kukhu aliporudi akipangusa udongo mikononi, nilimwomba kitana, nikaanza kuzichana.